Kamera ya Dubai au ya Kariakoo? Bodi chukua hapa, lenzi mwagize shemeji

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo: "Habari mtaalamu, mimi ni mpiga picha niko Morogoro, napiga harusi, sendofu na kichen pati. Sasa hivi natumia Canon 4000D na lenzi yake ya 18-55, na nina 50mm moja. Nimejichanga nimefikisha milioni 5 na nusu, nataka kuhamia Sony A7 III. Kariakoo nimeambiwa bodi tupu (kamera bila lenzi) 4,550,000. Shemeji yangu anakwenda Dubai mwezi ujao kufuata nguo za dukani kwake, ameulizia huko kaambiwa dirham 5,250. Nimwagize yeye au nichukue tu hapa? Nina harusi tatu mwezi wa kumi na mbili na advansi nimeshapokea."

Dada yangu, kwanza hongera sana, kujichanga milioni tano na nusu kwa hela ya picha najua ni usiku ngapi wa kukesha ukumbini hizo. Nimelisoma swali lako mara mbili na kilichonishika sio bei, ni ile sentensi ya mwisho, harusi tatu Disemba na advansi umeshapokea. Hiyo ndo inayoamua kila kitu. Mtu anayenunua kamera ya kupigia picha watoto wake nyumbani ningemjibu tofauti kabisa, wewe kamera ikizima Jumamosi saa kumi jioni kuna familia mbili zinakuangalia.

Kwa hiyo jibu langu ni bodi chukua hapa, lenzi na vikorokoro mwagize shemeji. Sasa tupige hesabu maana najua tofauti ya laki nane na kitu inauma.

Tuchukulie dirham moja ni shilingi 700, wewe utaweka ya siku unayobadilisha. 5,250 mara 700 ni 3,675,000, kwa hiyo tofauti na Kariakoo ni 875,000. Tena kuna kitu shemeji pengine hajaambiwa, bei ya dukani Dubai ina VAT ya asilimia 5 ndani yake, walianza kuitoza Januari 2018, na mgeni anayeondoka na mzigo anaweza kurudishiwa sehemu ya hiyo kodi. Kwenye 5,250 kodi ni dirham 250, wanarudisha sehemu kubwa yake halafu wanakata ada ndogo ya huduma, inabaki dirham 200 na kitu, kama 145,000 ya kwetu. Masharti ni kwamba duka liwe limesajiliwa kwenye huo mpango, manunuzi yafike dirham 250, atoe pasipoti palepale wakati wa kulipa (sio arudi kesho yake na risiti), mzigo utoke nchini ndani ya siku 90, na uwanja wa ndege aende kwenye kaunta ya Planet (kampuni inayorudisha hiyo kodi) kabla hajakabidhi begi maana wanaweza kutaka kuiona kamera kwa macho. Watu wengi wanakabidhi begi kwanza ndo wanakumbuka, hapo hela imeshapotea.

Mpaka hapo Dubai inaonekana imeshinda kwa kama milioni moja. Ila kamera bado haijafika Morogoro.

Shemeji akishuka JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, anakutana na forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 iliweka msamaha wa dola 500 kwa msafiri aliyekaa nje zaidi ya saa 24, na ni kwa vitu vyake alivyobeba mwenyewe, sio mzigo wa biashara. Dirham imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo kamera yako ni kama dola 1,430. Ukitoa 500 zinabaki 930 za kulipiwa. Ushuru wa forodha wa pamoja una makundi ya asilimia 0, 10, 25 na 35, halafu VAT yetu ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru. Bidhaa ikiwa kundi la 0 unalipa kama dola 167, yaani 430,000 hivi. Ikiwa la 10 inafika kama 277, ambayo ni laki saba na kidogo. Ikiwa la 25 ni kama 442, na hiyo inapita milioni moja na laki moja, yani umeshaipita bei ya Kariakoo kabla hata hujamnunulia shemeji soda. Na hapo tozo ndogondogo sijaweka. Kaulize dirisha la TRA kamera iko kundi gani na msamaha wa mwaka huu ni kiasi gani KABLA shemeji hajapanda ndege, ni swali la dakika tano.

Halafu fikiria na yeye mwenyewe. Anakwenda kufuata nguo za dukani, ana mabegi makubwa, ni mtu ambaye lazima atakaguliwa, na hizo nguo zina kodi yake. Ukimuongezea kamera ya dola 1,430 unamuongezea mzigo wa maswali. Najua kuna watakaokwambia atupe boksi, aivae shingoni apite kama yake. Mimi sikushauri hivyo. Akikamatwa mzigo unazuiwa na jina lililochafuka ni la shemeji ambaye kila baada ya miezi anapita pale pale, na hata akipita salama wewe umebaki na kamera haina boksi, haina risiti, haina kadi ya waranti, siku ukitaka kuiuza mnunuzi anakuuliza hii umeiba wapi.

Sasa waranti, na hapa ndo roho ya jambo lenyewe. Waranti za kamera kwa sehemu kubwa zinakwenda kwa kanda au kwa nchi. Kadi uliyopewa Deira, mitaa ya maduka huko Dubai, inafanya kazi huko huko, kwako ni karatasi. Kwa kuona jinsi makampuni yanavyolichukulia hili kwa uzito, Nikon wa Marekani wana msimamo kwamba bodi ambayo haikuingizwa nchini kwao na wao wenyewe hawaitengenezi, hata ukisema nalipa. Kuna mtu anaona hiyo ni roho mbaya, lakini ndivyo soko lilivyo na ni bora ulijue kabla hujatoa hela.

Mimi lilinikuta hili. Miaka ya nyuma nilimwagiza mtu bodi nje, bei chee kwelikweli, nikaifanyia kazi miezi mitano, shata (kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila ukipiga picha) ikakwama wiki mbili kabla ya harusi ya Tanga. Duka nililonunulia likasema nirudishe kamera kwa mkono, haiwezi kuja kwa posta. Nikatafuta msafiri, msafiri akaahirisha, akaja mwingine, kamera ikaenda ikakaa huko, kwenda na kurudi miezi minne. Harusi ya Tanga nilipiga na kamera ya kukodi, na zilizofuata pia nikakodi. Nilichookoa kwenye bei kilikwisha kabla ya mwezi wa pili wa kukodi, na ukiacha hela, yule bwana harusi wa Tanga aliniona nahangaika na menyu ya kamera nisiyoizoea wakati bibi harusi anaingia. Hilo silisahau.

Ila sasa usiondoke hapa ukadhani kila kamera ya Kariakoo ina mtu nyuma yake. Nyingi zimepita Deira hiyohiyo, zimekuja kwenye begi au kwa kago, na muuzaji akikwambia waranti mwaka mmoja anamaanisha "ukipata shida njoo tutaongea". Ukinunua ya namna hiyo kwa 4,550,000 umelipa bei ya nyumbani kwa mzigo wa nje, yaani hasara mara mbili. Kwa hiyo laki nane yako unailipia kitu kimoja tu, mtu wa kumrudia kwa miguu. Kama huyo mtu hayupo usiilipe.

Utamjuaje? Mwambie unataka risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA) yenye jina la kamera na siriali namba, uone sura yake. Anayekwambia "risiti ipo ila bei itapanda" ameshakujibu. Muulize ikiharibika ndani ya miezi sita anaitengeneza nani na wapi, akutajie fundi au ofisi, na nani analipia usafiri, na je, kipindi chote hicho anakupa nyingine ya kushikia? Hili la mwisho wengi watakataa ila wapo wanaokubali kwa mteja wa kazi ukiliomba vizuri, mimi nimelipata. Yaandikwe nyuma ya risiti, na saini. Halafu angalia siriali chini ya bodi, kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti, zote tatu zilingane. Ukipata duka la hivyo hata likiwa juu kwa laki moja kuliko lile uliloulizia, nenda nalo.

Palepale dukani weka kadi yako ya memori, piga ukuta mweupe au mbingu kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo) halafu vuta picha uangalie kama kuna madoa, hayo ni vumbi kwenye sensa na kwenye bodi mpya hayatakiwi. Ile picha ihifadhi, ziko tovuti zinazosoma shata imepiga mara ngapi kutoka kwenye faili la A7 III. Sony walisema shata yake imepimwa kufika kama 200,000, kwa hiyo bodi "mpya" ikikusomea elfu nane ujue imeshafanya harusi za watu.

Kuna jambo jingine linalowakuta wenye ndugu nje, naona niliseme japo wewe umeuliza Dubai tu, maana najua kesho kaka wa mtu yuko Tokyo au binamu yuko Texas. Kamera ya jina moja si lazima iwe ileile. Sony nyingi za soko la ndani la Japani menyu ni Kijapani kitupu, huwezi kubadilisha, na bei yake nzuri ndo inawavuta watu. Dubai hilo halipo, Kiingereza kipo, na hata plagi ya chaja ni ile ya miguu mitatu kama yetu. Canon nao mchezo wao ni majina, ile 250D ya Ulaya ukienda Asia inaitwa 200D Mark II, Marekani ni Rebel SL3, Japani ni Kiss X10, ni kamera moja hiyohiyo, sasa muuzaji asiye mwaminifu anaweza kukwambia Rebel ni kubwa kuliko D na ukaongeza hela. Kodi nazo, Uingereza tangu 1 Januari 2021 mtalii harudishiwi tena VAT kwa vitu alivyobeba kutoka maduka ya Uingereza bara, na VAT yao ni asilimia 20, wakati New York bei unayoiona kwenye rafu haijawekewa kodi ya mauzo ya asilimia 8.875, unaikuta kwenye kaunta. Binamu akikutumia picha ya bei ya rafuni usikimbilie kufurahi. Na kama ni kamera ya zamani ya Ulaya, nyingi zinakata video dakika 29 na sekunde 59, hiyo ilitokana na ushuru wa huko kwa vifaa vinavyorekodi nusu saa na kuendelea, fikiria hotuba ya baba mkwe inakatika katikati.

Na umeme wetu ni wa 50Hz. Taa za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni ila video inaona. A7 III ina kiteuzi cha PAL na NTSC (mifumo miwili ya video, PAL ndo ya nchi za umeme wa 50Hz), weka PAL, itakwambia uformati kadi, kubali, upige 25 au 50 fremu na shata ya 1/50 au 1/100, ile mistari inayotembea kwenye ukuta nyuma ya maharusi itapungua sana. Ikitoka kwenye boksi ikiwa NTSC usiogope, sio mbovu.

Turudi kwenye hela yako maana hapa naona shimo. Bodi 4,550,000, unabakiwa na 950,000. Lenzi zako za Canon HAZIINGII kwenye Sony. Adapta zipo ila 50mm yako kwa adapta fokasi yake gizani haiaminiki kama lenzi ya Sony yenyewe, na harusi zetu nusu ni giza na taa za rangi. Kwa hiyo umenunua bodi, huna kioo. Ndo hapa shemeji anapoingia.

Lenzi haina menyu, haina PAL, haina lugha, na kwa uzoefu wangu ni nadra sana kufa ghafla kama bodi, ikikubali siku ya kwanza na ukaitunza itakuzika. Fangasi ndo adui yake, hasa kwa sisi wa pwani, huko Moro mna nafuu kidogo ila weka silika jeli, vile vifuko vya kunyonya unyevu, kwenye begi. Na thamani ya lenzi moja inakaa chini au jirani na hizo dola 500, kwa hiyo kodi kama ipo ni ndogo na shemeji anaitangaza bila jasho. Mwagize Sony FE 50mm f/1.8, ilitoka 2016 kwa dola 250 na haijawahi kuwa lenzi ya gharama. Nikuambie ukweli wake, kioo ni kizuri ila fokasi inatafuta taratibu mwanga ukiwa mdogo, kwa hiyo ni ya picha za maharusi wakiwa wametulia, sio ya watu wanaoingia wanacheza. Kwa kuingia ukumbini na familia za mbele ya keki unahitaji zumu, na hapo kabla hujalipa bodi tupu uliza bei ya seti yenye 28-70, mara nyingi tofauti na bodi tupu sio kubwa. Au kodi Tamron 28-75 f/2.8 kwa hizo harusi tatu, halafu hela ya Disemba ndo ikununulie ya kwako mwakani. Mimi ningekodi.

Huko Deira shemeji anaweza kuonyeshwa lenzi kwenye boksi jeupe lisilo na maandishi, bei imeshuka. Mara nyingi ni lenzi halali, imetolewa kwenye seti na bodi ikauzwa peke yake. Asiikatae kwa sababu ya boksi, ila risiti iwe na siriali namba ya lenzi na asilipe kabla hajaivalisha kwenye kamera ya dukani na kupiga picha. Akitajiwa bei ya ajabu halafu muuzaji anaanza kusema kifuniko cha nyuma ni hela nyingine, kofia ya lenzi hela nyingine, "lakini subiri nikuonyeshe nzuri zaidi ya hii", aondoke tu, maduka yako mengi mtaa uleule. Mpe jina kamili la lenzi kwenye wasapu, FE na 50 na 1.8, pamoja na picha yake, asije akaletewa ya kamera nyingine.

Betri ya akiba NP-FZ100 ukimwagiza, ibebwe begi la mkononi, betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi begi la kukabidhi, na kila moja ikae kwenye kifuko chake isigusane na funguo. Kadi za memori mimi simwagizi mtu, feki ni nyingi mno huko na huku. Nunua sehemu unayoijua, iwe na alama ya V30 au V60, ukifika nyumbani ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta, kadi ya 128 feki itajisema yenyewe ikifika 16 au 32. A7 III ina nafasi mbili za kadi, weka zote mbili na uipange iandike picha ileile kote kote, kwa mpiga harusi hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuhama kutoka kwenye 4000D.

Na 4000D usiiuze! Najua unaiwazia ijazie hela. Iache na 50mm yake ikae begani kama akiba mpaka Disemba ipite. Ila nadhani umeshagundua kwamba flashi na triga (vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali) nyingi za bei nafuu haziwaki juu yake, na pengine ulidhani triga ni mbovu, Canon walitoa ile pini ya katikati kwenye kiatu cha flashi (pale juu inapochomekwa) kwa 4000D, na 250D pia. Triga zako zijaribu juu ya Sony kwa kupiga picha za manyuali. Zikiwaka na ukumbini zinakutosha, umeokoa laki kadhaa bila kumtuma mtu popote.

Bodi inunue mapema, sio Novemba mwishoni. Ukiishika wiki hii piga nayo kila siku, ubatizo, kuku, watoto wa jirani, fikisha picha elfu mbili ndani ya mwezi mmoja, ubovu wa kiwandani ukiwepo uwezekano mkubwa utajitokeza hapo, wakati risiti bado mbichi na muuzaji bado anaikumbuka sura yako. Lenzi nayo siku shemeji akifika usiiweke kabatini kusubiri harusi, ivalishe usiku uleule, zima taa za sebuleni ubakishe moja, umpige mtu anayetembea kuja kwako, uone fokasi inamshika au inamkosa.